"Umesomea Marekani uje kuchinja panya?" Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali lenyewe, kwa ufupi: "Shikamoo dada. Mimi ni wa Morogoro, mwezi wa tano namaliza shahada ya kwanza ya biolojia kwenye chuo kimoja huku Marekani. Alhamisi nimeitwa usaili wa kazi ya msaidizi wa utafiti, mkataba wa miaka miwili, katika maabara ya sayansi ya ubongo inayotumia panya. Hospitali moja nayo imenipa kazi ya kutoa wagonjwa damu ya vipimo, mshahara umezidi kidogo, na wanataka jibu Ijumaa. Ndoto yangu ni kusoma uzamivu. Mama kanipigia simu anasema: umesomea Marekani uje kuchinja panya? Hebu niambie, huyo msaidizi anafanya nini hasa kutwa nzima, na kazi hiyo itanifikisha?"

Marahaba, mdogo wangu. Mimi niliingia kwenye sayansi hii kwa mlango huohuo. Nilikuwa msaidizi wa utafiti miaka minne, nikaenda kusoma uzamivu, na siku hizi mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza kuwasaili wasaidizi. Nitakujibu nikiwa nimekalia viti vyote viwili.

Nianze na mama, maana kauliza swali gumu kuliko lako. Ndiyo, panya watakufa, na baadhi yao watafia mikononi mwako. Mtu asikuzungushie maneno juu ya hilo. Maabara ikitaka kujua ni seli zipi zilizoshika kumbukumbu ya kitu fulani, mara nyingi mwisho wa safari ni kuutazama ubongo wenyewe chini ya darubini. Panya hupewa dawa ya usingizi mpaka ukimbana kidole cha mguu hashtuki. Hapo ndipo kifua kinafunguliwa, sindano inaingizwa kwenye moyo, damu inasukumwa nje kwa maji ya chumvi, halafu inafuata paraformaldehidi ya asilimia 4, ambayo ni ndugu wa formalini unayoijua ya kuhifadhia maiti. Dawa ikishika, mkia hukakamaa kama waya. Mara yangu ya kwanza nilimaliza kazi vizuri, nikavua glavu, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma nusu saa nzima bila kusema na mtu. Msaidizi mkongwe alinifuata na chai, akaniambia siku nitakayoacha kusikia chochote niombe likizo.

Si machinjio holela, hata hivyo. Karibu kila chuo kinachofanya kazi hii Marekani kina kamati ya wanyama. Mtafiti huandika kabla: nitatumia panya wangapi, kwa nini wangapi hao na si pungufu, watapewa dawa gani ya maumivu. Hugusi mnyama kabla hujafundishwa na jina lako kuingizwa kwenye kibali. Kuna kioja kimoja hapa: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 1966, kama inavyosomeka leo, haiwahesabu kabisa panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti. Kinachowalinda ni sera nyingine, ile inayovibana vyuo vinavyopokea fedha za afya za serikali kuu, na hiyo inamhusu kila mnyama mwenye uti wa mgongo. Mengi ya tunayofuata yana mizizi kwa Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliosema mwaka 1959 kwamba mtafiti abadilishe mnyama pale anapoweza, apunguze idadi, na aboreshe namna ya kumtunza.

Kama moyo unakataa, kataa sasa. Kuna maabara za nzi, za watu wazima wanaovaa kofia za umeme, na nyingine hazina chochote ila kompyuta. Ila mkumbushe mama kwamba anaishi mji ambao panya huamka asubuhi kwenda kazini. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alivishwa nishani ya dhahabu ya wanyama kutoka Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Pua ile ni ubongo unaofanya kazi, na wapo watu wanaolipwa kuuliza unafanyaje.

Sasa kutwa nzima. Asubuhi ni chumba cha panya: kuangalia vizimba, kuandika waliozaliwa, kuwatenga madume na majike kabla hawajakuzidi hesabu, kukata kipande kidogo cha sikio kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Utabadilisha glavu mpaka ngozi ichoke. Utajaza friza, utaagiza dawa, utapanga vyombo. Waliokwambia ni kazi ya kuosha vyombo hawakudanganya, wamesema robo yake.

Sehemu yenye utamu ni hii. Tuseme maabara yako inachunguza hofu, na panya ametoka kwenye kisanduku alichojifunza kwamba mlio fulani hufuatiwa na mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Wewe unatazama saa. Seli ya ubongo iliyofanya kazi kwa nguvu hutengeneza protini iitwayo c-Fos, na protini hiyo huwa imejaa vizuri kwenye kiini cha seli baada ya saa moja hadi dakika 90 hivi. Ukimwahi panya mapema mno haijafika, ukichelewa inapungua. Kwa hiyo siku hiyo huli chakula cha mchana saa unayotaka wewe.

Ubongo wa panya hawa wadogo wa maabara hauna uzito wa hata nusu gramu. Ukishaondoa ngozi, fuvu unalimenya kwa koleo ndogo kama unavyomenya yai la kuchemsha, ila yai lenyewe lina ukubwa wa karanga. Unaulaza kwenye dawa usiku mmoja, kisha kwenye maji yenye sukari asilimia 30. Mwanzoni unaelea. Asubuhi ukiukuta umezama chini ya chupa, sukari imeshaingia ndani, na sasa unaweza kuugandisha bila vipande vya barafu kuchana nyama. Ndipo unakwenda kwenye kriostati, ambayo ni friza yenye kisu ndani, nyuzi 20 chini ya sifuri, wewe umekaa nje mikono tu imeingia humo. Unakata vipande vya maikroni 40, yaani milimita moja inakupa vipande 25, na unywele wako mmoja ni mnene karibu mara mbili ya kimoja. Vinajikunja kama ganda la kitunguu. Unavipokea kwa brashi ya mchoraji yenye nywele chache, unavishusha kwenye vishimo vya maji ya chumvi, na unavihesabu kwa mpangilio kwa sababu kipande cha 31 kikikaa pa cha 32 hakuna darubini itakayokuambia.

Halafu unavipaka kingamwili zinazong'aa, zinazoinasa ile c-Fos, unasubiri siku moja au mbili, unavitandaza kwenye kioo. Hapo ndipo watu hunaswa na kazi hii maisha yao yote. Unazima taa, unaweka jicho, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, imelala mbele yako kama herufi C mbili zilizoshikana, buluu yote kwa rangi inayoshika kila kiini cha seli, na katikati ya ile buluu kuna madoa mekundu machache. Hizo ndizo seli zilizokuwa macho mlio ulipolia. Chache tu, kati ya seli za neva (nyuroni) kama milioni 70 za ubongo mzima.

Na kisha unahesabu madoa, wiki tatu.

Unahesabu bila kujua panya yupi alitishwa na yupi hakutishwa. Mtu mwingine amebandika namba za siri juu ya vioo na orodha kaificha. Ukijua, jicho litakusaidia bila kukuomba ruhusa: doa hafifu la panya aliyetishwa utalihesabu, doa hafifu la mwenzake utaliacha. Nimewahi kuhesabu vioo vilevile mara mbili kwa tofauti ya mwezi mmoja, namba zikaachana kwa kiasi kilichonitia aibu. Ndiyo maana maabara nzuri humpa mtu wa pili vioo vyako ahesabu, wala hakuna anayenuna.

Hili ndilo nataka ulishike. Watu hudhani kwenye maabara profesa ndiye ubongo na msaidizi ni mkono. Basi jua kwamba mkono ni sehemu ya mizani. Mwaka 1999 watafiti watatu, John Crabbe wa Portland, Douglas Wahlsten wa Edmonton na Bruce Dudek wa Albany, walichapisha jaribio la kuumiza kichwa. Walichukua mbegu zilezile za panya, wakatengeneza vifaa vinavyofanana, wakakubaliana kila kitu mpaka saa ya kuanza, wakafanya vipimo vilevile siku zilezile katika miji hiyo mitatu. Baadhi ya majibu yalitofautiana mji kwa mji. Walichoshindwa kusawazisha ni pamoja na watu wanaowashika panya.

Baadaye mambo yakaanza kujulikana moja moja. Mwaka 2010 huko Liverpool, Jane Hurst na mwenzake walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi kuliko anayeingia mwenyewe kwenye mrija au kuchotwa kwa viganja viwili. Mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil kule McGill, Montreal, ikaonyesha kwamba harufu ya mwanamume tu, hata ya fulana aliyoivaa, huwapandisha panya mfadhaiko kiasi cha kuwapunguzia dalili za maumivu. Fikiria: mtu mzima anapima dawa ya maumivu, kumbe anapima jasho lake. Ukiingia kazini acha manukato nyumbani, ingia saa ileile kila siku, na uandike kwenye daftari nani alishika panya siku gani. Ukiumwa na mwenzako akakushikia zamu, andika. Jirani wakitoboa ukuta, andika.

Hapa nikupe kisa changu, maana usaili unaweza kukuuliza umewahi kukosea nini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na bongo 12 kwenye vichupa, namba nimeandika kwa kalamu ya wino, ile inayoitwa ya kudumu. Chupa ya spiriti ya asilimia 70 ilivuja ndani ya kisanduku usiku. Asubuhi vichupa vyangu vilikuwa vyeupe kama vimetoka dukani leo, na chini kuna maji ya zambarau. Kwa jinsi nilivyovipanga nilikuwa na uhakika wa vinane. Vinne vilivyobaki nilikuwa na hisia tu. Nilisimama pale, mlango umefungwa, nikaona jinsi ilivyo rahisi: kalamu iko mfukoni, hakuna aliyeamka.

Nilikwenda kwa profesa kabla sijavua koti. Alisikiliza, akavitupa vyote 12, akasema tuanze upya, akaendelea kuandika barua pepe yake. Wiki sita za kazi. Hakunisema, na kule kutonisema kuliniuma zaidi. Miaka mitatu baadaye nilipokubaliwa uzamivu, mmoja wa walionichagua aliniambia kilichowavuta kwenye barua ya profesa wangu ni aya inayoeleza asubuhi ile. Tangu hapo naandika kwa penseli. Kioo cha darubini kina upande mmoja uliokwaruzwa kwa ajili hiyo, na penseli haijali spiriti.

Jambo la afya kidogo: panya huwaletea watu wengi mzio, mafua yasiyokwisha na hata pumu, na huja polepole baada ya miezi. Vaa barakoa tangu siku ya kwanza, usisubiri kupiga chafya.

Umeuliza kama kazi itakufikisha. Programu nyingi za uzamivu za sayansi ya ubongo huku Marekani hulipa ada yako na kukupa posho ya kujikimu, kwa hiyo kinachoshindaniwa ni nafasi. Nyingi zimeacha kudai ule mtihani wa GRE wa kuombea masomo ya juu. Zinachotazama ni kama umewahi kukaa na utafiti mpaka ukakuchosha na ukarudi kesho yake, na nani yuko tayari kuweka jina lake chini ya barua akisema hivyo. Piga hesabu: maombi mengi hufungwa karibu na mwezi wa 12. Ukianza kazi Juni, Desemba ya kwanza utakuwa na miezi sita tu mgongoni na profesa hajui la kuandika. Omba Desemba ya pili. Ndiyo maana mkataba wao ni wa miaka miwili, wanajua hesabu hiyo kuliko wewe.

Jina kwenye makala ya utafiti ni suala la kuzungumza mapema na kwa adabu. Maabara nyingine humwandika msaidizi aliyefanya sehemu kubwa ya kazi kati ya waandishi, nyingine huishia kumshukuru kwenye mistari ya mwisho. Ukiuliza kwenye usaili, "wasaidizi waliopita waliandikwa wapi?", hakuna atakayeona ubaya. Na jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jioni, hata kidogokidogo. Programu ya Fiji ya kupimia picha za darubini ni ya bure, ipakue leo uchezee. Msaidizi anayeweza kuandika mistari 20 ya kuhesabu madoa huacha kuhesabu madoa.

Kuhusu kibali. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, inakupa miezi 12, na kwa masomo ya sayansi unaweza kuongezewa 24 iwapo mwajiri yumo kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kufanya kazi. Uliza hilo kabla ya kusaini, kwa kazi zote mbili. Kazi yenyewe lazima ihusiane moja kwa moja na ulichosomea, kwa hiyo nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaulize kama kutoa damu kunahesabika kwa shahada yako. Usilibebe hili kwa kusikia kwa marafiki, wala kwangu. Mshahara wa maabara si wa kujengea nyumba Kihonda, ukubali tu.

Kama ungekuwa umeitwa maabara ya watu badala ya panya, ningekuambia jambo moja la nywele. Kofia ya EEG, ile ya kupimia umeme wa ubongo, inataka kila kipokeo kiguse ngozi ya kichwa, na nywele zetu nene hukinyanyua kisiiguse. Kuna watu weusi wamerudishwa mlangoni mwa tafiti kwa sababu hiyo. Mwaka 2020 mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Arnelle Etienne, na wenzake walionyesha vibanio vinavyojishika chini ya misuko iliyopangwa kufuata mistari ya vipokeo, wakaviita Sevo, neno la Kihaiti la ubongo. Sisi tunaosukana twende kilioni tangu chekechea tulikuwa na jibu kichwani, kwa maana zote mbili.

Na ukirudi nyumbani? Mkoa wako wenyewe una swali la ubongo lililowasumbua watu miaka zaidi ya 60. Kule Mahenge, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, akaona watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Tafiti za baadaye zimeuhusisha ugonjwa huo na usubi, maradhi ya minyoo inayoenezwa na vijinzi vya mtoni, lakini namna minyoo ile inavyofikia kuvuruga ubongo bado inabishaniwa. Maabara si lazima iwe ya mabilioni. Pale Ishaka, Uganda, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kikundi cha TReND kilianza mwaka 2011 kuwafundisha Waafrika sayansi ya ubongo kwa nzi wa matunda. Nzi hao hula uji wa mahindi uliotiwa sukari, hawaombi kamati, na mwaka 2024 ramani ya ubongo mzima wa jike mmoja, nyuroni karibu 140,000, ilikamilika na kuwekwa wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti.

Basi Alhamisi nenda. Watakuuliza kwa nini ubongo, jibu kwa sentensi mbili za kweli, usiwape hotuba. Wakimaliza, waulize nani hasa atakufundisha kukata, na wasaidizi watatu waliotangulia sasa wako wapi. Kisha mwombe msaidizi anayeondoka akufungulie daftari lake la maabara, ukurasa wowote wa mwaka jana. Usome kimya. Ukiweza kuelewa alichofanya siku ile, kwa panya yupi, saa ngapi, bila yeye kukueleza, chukua kazi hata kama mshahara ni mdogo. Akianza kusema "hapa nilikuwa namaanisha…", washukuru kwa chai, na hospitali uwapigie siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa.